Kukaa Vizuri Mpaka Mweya

Jumatatu, 7 Julai

Barua imekuja kutoka makao makuu Kasese. Madam Atuhaire, meneja wetu hapa Bwera, ameibandika ukutani juu ya mtungi wa maji na kutuambia kila mtu ajisomee, maana yeye shingo yake haigeuki upande wa kulia tangu Pasaka. Nimesoma harakaharaka. Wafanyakazi wengi mno wanaomba ruhusa kwa sababu ya mgongo, shingo na viganja. Kampuni imechoka. Ijumaa atakuja mtaalamu wa viungo, Madam Sophie, kukagua jinsi kila mmoja alivyopanga kiti, meza na kompyuta yake. Aliyepanga vizuri kuliko wote ataenda Mweya, ndani ya mbuga, siku tatu, kwenye semina ya kukaa vizuri kazini, yeye na mtu wake mmoja. Kula na kulala ni juu ya kampuni.

Mweya! Nina miaka thelathini na tisa. Nimezaliwa Karusandara, nimeoa Kasese, naishi Bwera. Njia panda ya Kikorongo nimepita mara ambazo sina hesabu yake. Kila mara ni yaleyale: basi linasimama, nanunua mahindi ya kuchoma dirishani, magari ya watalii yanaenda zao mbugani, sisi tunakata kona kuja huku mpakani. Tembo nimewaona, sikatai. Nimewaona makalio, wakivuka barabara. Lakini kuingia getini nikiwa na jina langu kwenye orodha, nilale huko, niamke huko, hapana, bado.

Nilimpigia Phionah kabla sijafika mwisho wa barua. Nikamwambia mke wangu, tunaenda Mweya. Neno "labda" halikutoka. Akauliza, Baba Bright, hili nalo ni kama lile la friji? Nikamwambia hili ni kweli tupu. Kufika nyumbani jioni nimekuta kitenge kimeshaenda kwa fundi. Gauni la mikono ya puto. Dada zake wote watatu wameshaambiwa.

Kwa hiyo lazima nishinde. Kinachonizuia ni kitu kimoja, nacho kinaitwa Benedicte.

Ofisi yetu inashughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Mimi na Benedicte ndio tunaoyaingiza kwenye kompyuta, meza yangu huku, meza yake kule, katikati dirisha la madereva. Miaka minne tumekaa hivyo. Shingo yangu mimi nimeipaka kila dawa inayouzwa kwenye chupa ndogo. Yeye hajawahi hata kujinyoosha. Anakaa wima kutoka asubuhi mpaka jioni, miguu juu ya kibao chake, na anaimba kwa Kifaransa. Nilimuuliza leo kama ameiona barua. Akasema ameiona, akarudi kwenye kazi yake. Mtu wa namna hiyo ni hatari.


Jumanne, 8 Julai

Nimeanza mapema. Chini ya barua kuna maelekezo na nimeyanakili yote. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho. Miguu ikanyage chini yote. Magoti yapinde kama kona ya kitabu. Viwiko vikae karibu na mbavu, kipanya kisiwe mbali. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma.

Skrini yangu ilikuwa chini sana, nimekuwa nikiitazama kama mtu anayetazama kisima. Nikatafuta cha kuinyanyulia. Benedicte ya kwake ameiweka juu ya matofali mawili aliyoyavisha kitenge, mambo ya kujionyesha. Mimi nikachukua mafaili ya malori ya mwaka 2019. Manne hayakutosha kwa sababu mimi ni mrefu, mrefu kuliko wote katika tawi hili, hata Madam hulisema mbele ya wageni. Nikaweka tisa. Skrini ikafika machoni. Shingo ikanyooka. Nilikaa hivyo dakika arobaini nikiwa mtu mwenye furaha, nakiri.

Saa nne Madam Atuhaire akataka faili la lori moja la mbao lililokwama mpakani Mpondwe miaka sita iliyopita na kesi yake imefufuka. Nikamwambia sijui liko wapi. Alikuwa ameliona. Lilikuwa la tatu kutoka chini. Nilipomwomba asubiri mpaka Ijumaa, alilivuta mwenyewe.

Skrini iliruka. Benedicte aliidaka kwa mkono mmoja. Hakuinuka kwenye kiti, hakuacha kuimba. Aliniambia kwa upole kwamba faili iko ya kusoma, haiko ya kujengea nyumba, na kwamba kama nataka matofali, nyuma ya biro yapo mengi. Biro kwake ni ofisi; amekulia Kasindi, ng'ambo ya pili, upande wa Congo, na hajawahi kuona sababu ya kubadilisha neno. Madereva dirishani walimpigia makofi. Dereva mmoja akauliza kama mimi ndiye mwanafunzi wa mazoezi.

Sitaki matofali yake. Matofali ni wazo la mtu mwingine.


Jumatano, 9 Julai

Akili imefanya kazi usiku kucha na asubuhi nilikuwa na mpango.

Barua inasema kila nusu saa mfanyakazi asimame, anyooshe shingo na mabega, apumzishe macho. Benedicte akishashika kazi hapendi kusimama. Basi nikaenda kwa Madam, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejali kwamba agizo hili litapuuzwa kama halina msimamizi, na kwamba tunaye mtu anayefaa hapo getini. Nilimaanisha Afande Muzamiru. Ni sajini mstaafu, amekaa kambi za Uganda nzima, mpaka leo akimwona mtu amekunja mgongo anaugua. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Afande atamsumbua Benedicte, Benedicte atakasirika, ataharibu mpangilio wake, mimi nitapita katikati.

Madam alikubali. Afande aliitwa, akaambiwa. Alienda nyumbani kwake, akarudi amevaa bereti, na filimbi shingoni.

Saa tatu na nusu, filimbi. Simama! Shingo kushoto, geuka! Shingo kulia, geuka! Mabega juu, shusha! Mikono mbele, nyoosha! Wewe mrefu, unanyoosha au unaomba chakula? Hiyo ya mwisho ilikuwa yangu. Benedicte alisimama mara moja, akafanya yote bila kosa, akaketi. Afande alimkagua kuanzia kibao cha miguu mpaka kilemba, akasema "Safi", akapita. Alipofika kwangu alisimama muda mrefu. Alisema kiti changu kimelegea, meza imelegea na mwenye meza amelegea. Nikaruka kichura mara kumi.

Saa nne, filimbi. Vichura kumi. Saa nne na nusu, vichura kumi na tano kwa sababu nilijificha chooni na filimbi ya Afande inafika chooni.

Lakini lililonishangaza ni madereva. Walikuwa kama ishirini dirishani, wengine wamelala barabarani siku tatu, na filimbi ilipolia na wao walisimama wima wakanyoosha. Dereva mmoja wa Goma alisema kiuno chake kimelia mara mbili na tangu aache Goma hakijawahi kulia vizuri hivyo. Wakaomba Afande arudie. Akarudia. Mchana walikuwa wamejipanga mistari mitatu nje, utingo mbele, madereva nyuma, na mzee mmoja wa baiskeli ya ndizi aliyekuwa anapita tu. Madam Atuhaire alitoka kuangalia fujo ni ya nini, akajiunga, na shingo yake ikageuka kulia kidogo. Alikaribia kulia machozi. Alinishukuru mimi kwa wazo zuri.

Nimeshukuriwa, lakini Benedicte hajapungukiwa kitu, na mapaja yangu hayapandi ngazi. Phionah amenikanda kwa maji ya moto. Aliniuliza kama hoteli ya Mweya wanavaa viatu vya kufunika au vya wazi. Nikamwambia vyote.


Alhamisi, 10 Julai

Leo nimetumia kichwa. Ijumaa ni kesho. Nilijiuliza swali moja tu: nani hapati maumivu katika ofisi hii? Benedicte. Kwa nini? Kwa sababu ya meza yake, kiti chake, kibao chake, matofali yake. Basi nabahatisha nini? Jibu lipo mita moja kutoka kwangu, limevishwa kitenge.

Nilipita kwa fundi asubuhi, nikaomba futi yake ya kupimia. Alinipa, akaniambia gauni linapendeza na mikono imekaa. Saa saba Benedicte akaenda kula samaki, Madam akaenda benki, Afande akaenda kuswali. Dakika arobaini. Nikapiga magoti nikapima kila kitu, nikaandika kwenye mkono wangu wa kushoto kuanzia kiganja mpaka kiwiko.

Urefu wa kiti kutoka sakafuni. Urefu wa meza. Urefu wa kibao cha miguu. Ukingo wa juu wa skrini. Umbali wa kibodi kutoka ukingoni. Barua inasema skrini ikae umbali wa mkono ulionyooka, lakini haikusema mkono wa nani. Nimechukua wa Benedicte kwa sababu ndio wenye rekodi.

Kurekebisha kwangu kulihitaji moyo. Kiti nilikishusha mpaka mwisho, kikalia kama bata. Skrini nilikwenda nyuma ya ofisi nikachukua matofali mawili, si kwa sababu alisema yeye. Kibao nilitengeneza kwa ubao wa kreti ya soda. Ikabaki meza. Ya Benedicte ni fupi kuliko yangu kwa sentimita kumi na moja; mwaka juzi aliomba ruhusa, akaja seremala akaikata miguu. Mimi ruhusa ingenichelewesha. Msumeno wa Afande huwa nyuma ya kibanda cha geti.

Miguu minne. Nimekata yote minne! Nilitoka jasho mpaka maandishi ya mkononi yakaanza kufutika, nikamalizia mguu wa nne kwa kumbukumbu. Nikafagia unga wa mbao, nikausukuma chini ya kabati. Sentimita kwa sentimita, meza ya Benedicte imezaliwa upya upande wangu.

Nilipokaa kulikuwa na taabu ndogondogo. Magoti hayakuingia chini ya meza kwa hiari, nikayaingiza kwa nguvu. Skrini ilinifika kidevuni. Nilipoinama kusoma, pua ilikuwa karibu sana na kioo hata pumzi ikakitia ukungu. Nilivua viatu, nikapata nafasi kidogo. Kiuno kilianza kuuma upande mpya ambao haujawahi kuuma, na nimelichukulia hilo kama dalili nzuri: mwili unaacha mazoea mabaya.

Benedicte aliporudi alisimama mlangoni akaitazama meza yangu muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Alianza kusema, lakini ndugu Masereka, mutu na mutu... Nikamkatiza. Nikamwambia wivu si mzuri. Akaketi. Leo hakuimba tena.

Nimemwambia Phionah afunge begi.


Ijumaa, 11 Julai

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mkao mwingine hauwezekani.

Madam Sophie alifika saa tatu. Mwanamke mpole, mfuko wa vifaa begani, daftari mkononi. Alianza kwa Benedicte. Akamwomba akae kama kawaida, akazunguka, akaangalia magoti, viwiko, macho, akaandika mistari miwili akatabasamu. Benedicte alimweleza kwamba yeye ni mufupi, alipoajiriwa miguu ilikuwa inaning'inia na mabega yanapanda masikioni, ndiyo maana alikata meza na kutengeneza kibao. Mimi nilisikia lakini nilikuwa nafuta vumbi kwenye kibodi.

Kisha akageukia upande wangu. Aliitazama meza na uso wake ukachangamka. Akasema hii nayo imepangwa vizuri sana. Moyo wangu ukafika Mweya. Akauliza, nani anakaa hapa? Nikanyoosha mkono. Aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani, safari ndefu, akauliza tena, kwa utaratibu, kama ni mimi mwenyewe au kuna mtoto wangu anayefanya kazi hapa.

Nikamwambia ni mimi. Akaniomba nikae. Nikavua viatu, nikashika meza kwa mikono miwili, nikaingiza goti la kulia, nikaingiza la kushoto. Nikaweka viwiko karibu na mbavu. Kwa kuwa viwiko vilikuwa mbali sana na meza, niliinama kuifuata kibodi, kidevu kikakaa juu ya skrini. Nikatabasamu. Nilitaka kuonyesha kwamba sina maumivu.

Hapo ndipo ilipofika saa tatu na nusu.

Filimbi. Simama! Siku mbili za Afande zimeniingia kwenye damu. Nilisimama. Magoti yalikuwa yamekwama, kwa hiyo meza nayo ilisimama. Kibodi ilienda, matofali yalienda, kipanya kilining'inia kwa waya wake. Skrini aliidaka Benedicte, safari hii kwa mikono miwili maana ilikuwa inatokea mbali zaidi. Nikawa nimesimama katikati ya ofisi nimevaa meza. Afande, ambaye haachi kazi katikati, akaamuru shingo kushoto geuka. Nikageuza. Madereva nje wakageuza.

Walinivua meza kwa msaada wa dereva wa Goma na sabuni. Chini ya kabati ulitokea unga wote wa mbao, upepo wa mlangoni uliutoa. Madam Atuhaire aliipima miguu ya meza kwa macho. 

Madam Sophie aliniambia jambo ambalo nadhani lilikuwa la huruma. Alisema meza ile haina kosa hata moja, ila imeshonwa kwa mwili wa mwenzangu. Alisema mimi nilihitaji kunyanyua, na nimekata. Kisha akamsifu Afande mbele ya watu wote, akaandika jina lake, akasema zoezi lake la kila nusu saa atalipeleka Kasese. Afande alipiga saluti mpaka bereti ikasogea. Wazo lile lilikuwa langu, niseme tu hapa, maana hapo hakuna aliyesema.

Mshindi ni Benedicte. Nilijua. Nilikuwa nikifikiria namna ya kumwambia Phionah, na sikuona njia hata moja. Begi limefungwa, lipo mlangoni, nimeliruka asubuhi kutoka. Dada zake wanapiga simu kila siku. Nilijisikia vibaya, vibaya kabisa, kuliko kiuno.

Ndipo Madam Sophie akamuuliza Benedicte ataenda na nani. Benedicte hana mume. Ana dada anayeishi mji wa Beni, naye ana mtoto mchanga. Alifikiri kidogo, akasema ataenda na Mama Bright. Akasema gauni yake iko tayari kwa fundi, yeye mwenyewe ameiona, na gauni kama ile haiwezi kukaa Bwera.


Jumamosi, 12 Julai

Phionah alikuwa anajua. Fundi alimwambia kabla sijafika nyumbani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Hakugomba. Alinikanda kiuno tena, akaniuliza kama imeniuma. Nikasema kiuno? Akasema, si kiuno.

Nikamwambia ukweli mara moja katika wiki hii. Kwamba Mweya yenyewe haikuwa kitu sana. Nilitaka kuuona uso wake wakati gari linapita getini. Alicheka, akasema atamwomba Benedicte aupige picha.


Jumatano, 16 Julai

Gari la kampuni lilikuja saa mbili asubuhi. Nilibeba begi la Phionah. Begi si zito, lakini nililibeba kwa namna ya kuonyesha kwamba wanawake wawili hawawezi kulimudu peke yao siku tatu. Nilikuwa nimevaa kofia na nina mswaki mfukoni. Nilipakia begi, nikapanda kulipanga vizuri, nikaendelea kulipanga. Gari lilikuwa limeanza kuondoka nikiwa bado napanga. Benedicte alimgusa dereva begani. Nikateremka.

Gauni ni zuri. Mikono ya puto ilijaza dirisha lote.

Ofisini nafanyia kazi kwenye meza yangu ileile. Madam amesema sitapewa nyingine mpaka nitakapokuwa nimeifikiria hii ya kutosha. Seremala akaja kuipachika vipande chini ya miguu, na Afande alisimamia, na kiti kimepandishwa. Skrini imeongezwa tofali la tatu na la nne. Sikuuliza vipimo, walinipima wao nikiwa nimesimama wima ukutani. Kiuno kimetulia, sijui kwa nini. Nadhani ni ile dawa ya chupa.


Alhamisi, 17 Julai

Picha imeingia kwenye simu. Phionah amekaa barazani, nyuma yake maji, na ndani ya maji kiboko mmoja amefumbua kinywa. Phionah hamtazami kiboko. Anatazama kamera, na uso wake ni ule niliotaka kuuona.

Nimeiangalia picha mara nyingi. Kisha nikaikuza. Benedicte yuko pembeni, na kiti alichokalia kina sehemu ya kuegemea iliyopinda kidogo. Nimejaribu kukadiria kimepinda kiasi gani kwa kutumia kiboko.


Jumatatu, 21 Julai

Wamerudi. Phionah anakaa wima mezani, hata wakati wa kumenya ndizi. Amenyanyua meza ya jikoni kwa vipande vya ubao, anasema mgongo wake umekuwa ukiinama kwa sababu ya meza ile tangu tuoane na hakuna aliyejua. Jana baada ya kanisa alinikalisha, akanieleza yote waliyofundishwa. Kila mwili una kipimo chake. Kinachomponya huyu kinaweza kumvunja yule. Kabla ya kubadilisha kitu, jipime wewe kwanza. Alinifanya nirudie mara tatu. Nilirudia. Nimelielewa kabisa, ni jambo jepesi, na Madam Sophie angelisema tangu mwanzo kusingekatwa mguu wa meza ya mtu.

Leo asubuhi barua mpya imekuja kutoka Kasese. Zamu hii ni macho. Wafanyakazi wanaumwa kichwa kwa kutazama kompyuta. Mkaguzi atakuja Ijumaa ya wiki kesho, na mwenye macho yaliyotunzwa vizuri kuliko wote atakwenda Mweya siku tatu, na safari hii kuna kupanda boti.

Niliinua kichwa. Benedicte amerudi na miwani! Huko Mweya kulikuwa na daktari wa macho, akawapima wote, na yeye akatengenezewa. Akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba jicho lake la kushoto iko dhaifu tangu utotoni, la kulia ni zima, na kioo kila kimoja kina nguvu yake. Kichwa kimeacha kumuuma. Anasoma namba za malori yakiwa bado ng'ambo ya mpaka.

Mimi macho yangu hayana tatizo. Daktari wa hospitali alinipima mwaka jana akasema ni ya kijana. Lakini kama ni ya kijana na sina miwani, na yake ni mabovu na ana miwani, mkaguzi atamwona nani ametunza macho?

Saa saba alivua miwani akaenda kunawa kabla ya kula. Dakika kumi zilinitosha. Kwa fundi wa miwani pale sokoni niliiweka mezani, nikamwambia atengeneze nyingine kama hii, kioo cha kushoto kama cha kushoto, cha kulia kama cha kulia, asiongeze wala asipunguze. Aliniuliza kama nimepimwa. Nikamwambia imeshapimwa, tena Mweya. Akachukua vipimo vyake, nami nikairudisha mezani kwa Benedicte kabla hajaikumbuka.

Jioni hii nimeifuata ya kwangu na nimeivaa. Mistari ya daftari hili inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Phionah ana mabega matatu. Nilipopita ofisini kuizoesha kidogo, nilimgongea dereva wa Butembo muhuri wa kuvuka mpaka kwenye kidole gumba, mara mbili, akapiga kelele. Benedicte hajawahi kulalamikiwa hivyo, lakini yeye ameivaa siku tano, mimi nina saa mbili tu. Nimeyapa macho yangu mpaka Ijumaa ya wiki kesho yawe yamezoea.